Usipande ndege jibu la viza likiwa bado: kwa wenye ndoa Uingereza wanaokwenda likizo nyumbani

Kama uko Uingereza kwa viza ya mwenza, umeshatuma maombi ya kuiongezea muda na jibu halijatoka, usitoke nchini. Usitoke hata kwa siku tatu. Siku unayotoka ndiyo siku ambayo maombi yako yanahesabiwa kuwa umeyaondoa mwenyewe. Nimeanza na hili kwa sababu ndilo lililonitenga na mume wangu kwa miezi mitatu, na kwa sababu kila ninayemsimulia huniuliza, "Kweli? Mbona sisi hatukuambiwa?" Hamtaambiwa. Ndiyo maana naandika.

Viza yangu ya kwanza ilikuwa ya miezi 33, kuanzia Novemba 2022 hadi tarehe 12 Agosti 2025. Mume wangu ni mwalimu, kwa hiyo likizo yake ndefu ni moja tu, ile ya shule zikifungwa mwishoni mwa Julai. Tulikuwa hatujaenda nyumbani pamoja tangu nihamie huku. Mama yangu yuko Tanga, wakwe zangu wako Likoni, Mombasa. Ukishafika Tanga unapanda basi, unavuka mpaka wa Kenya pale Horohoro, jioni uko kwa mama mkwe. Tukakata tiketi: kuondoka 26 Julai, kurudi 9 Agosti, siku tatu kabla ya viza kuisha. Mpaka hapo tulikuwa salama kabisa.

Kisha zikaanza simu. Shangazi wa mume wangu anaoza binti tarehe 16 Agosti. Mtakujaje mpaka huku halafu muondoke wiki moja kabla ya harusi? Watu watasemaje? Mama mkwe naye hakusema kitu, na kunyamaza kwake kulikuwa kuzito kuliko maneno ya shangazi. Nikapiga hesabu yangu. Nilikuwa nimesoma, na kusikia kwa wenzangu, kwamba ukituma maombi ya nyongeza kabla viza haijaisha, haki zako zinaendelea mpaka ujibiwe, hata tarehe ya viza ikipita. Nikatuma maombi mwanzoni mwa Julai, nikaenda kutoa alama za vidole, tukasogeza tiketi ya kurudi hadi 23 Agosti na kulipia tofauti.

Sheria niliyoitegemea ipo. Ni kifungu cha 3C cha Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1971. Lakini inamlinda aliye ndani ya nchi. Kanuni za uhamiaji zina aya nyingine, ya 34K, inayosema ukitoka nje ya eneo la pamoja la safari kabla maombi ya kubaki hayajaamuliwa, maombi hayo yanachukuliwa kuwa yameondolewa tangu siku uliyotoka. Eneo hilo ni Uingereza yenyewe, Ireland, Kisiwa cha Man, Jersey na Guernsey. Basi. Tanga haimo, Mombasa haimo, Dubai unakobadilishia ndege haimo. Mimi nilishika nusu ya sheria nikaiacha nusu, na hiyo nusu niliyoiacha ndiyo iliyonifunga.

Zamani mtego huu ulikuwa mgumu kumnasa mtu, kwa sababu ukituma maombi pasi yako ilibaki kwao, ungesafiri na nini? Siku hizi unapiga picha nyaraka, unazipakia kwenye mtandao, unatoa vidole, unarudi nyumbani na pasi yako mkononi. Mtu akiwa na pasi mkononi anaona yuko huru. Pasi kuwa mkononi si ruhusa ya kusafiri. Narudia: pasi kuwa mkononi si ruhusa ya kusafiri.

Na hakuna wa kukuzuia. Sisi tumezoea kwamba uwanja wa ndege una dirisha la uhamiaji la kuingia na la kutoka. Dar utagongewa muhuri unapotoka, na ofisa akiona jambo haliko sawa atakuuliza, tena kwa sauti. Uingereza haina dirisha la kutokea. Unapima mizigo, unapita ukaguzi wa usalama, unakaa kusubiri ndege. Shirika la ndege ndilo linalopeleka taarifa zako serikalini. Kwa hiyo nilipita uwanjani London nimeshika mkono wa mume wangu, yule dada wa mizigo akatutakia likizo njema, na wala sikujua kwamba ndege ikishanyanyuka tu maombi yangu yamekufa.

Linaloniuma zaidi si siku ya kuondoka, ni siku 17 zilizofuata. Viza yangu ya awali ilikuwa bado hai mpaka 12 Agosti. Ningejua, ningerudi kwa tiketi yoyote kabla ya tarehe hiyo, nikatuma maombi mapya nikiwa kwetu Coventry, hasara ikaishia kwenye ada. Siku hizo nilizitumia Raskazone na mama yangu, tukila machungwa ya Muheza, kisha nikavuka kwenda kushona sare ya harusi. Kila nikizikumbuka naona mlango uliokuwa wazi, nami nimeupa mgongo.

Tarehe 23 Agosti, uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, jengo la tatu. Mume wangu alipita. Ilipofika zamu yangu, kijana wa kaunta akaangalia kompyuta, akamwita mkubwa wake, wakaangalia wote wawili. "Dada, mfumo unaonyesha huna ruhusa ya kuingia." Nikamwonyesha risiti ya maombi kwenye simu. Akanijibu kwa upole kwamba risiti si ruhusa. Mume wangu alitaka abaki, nikamkataza; shule ilikuwa inafunguliwa na mshahara wake ndio ulikuwa ushahidi wetu wa kipato. Akaondoka peke yake. Mimi nikachukua teksi hadi Mbezi, nikapanda basi la kurudi Tanga na begi lilelile.

Hapo ndipo ndugu walipoanza kunitafutia dawa. Kaka yangu: "Hakuna mtu unayemjua ubalozini?" Shangazi: "Lakini mumeo si raia wa kule? Watamzuiaje mke wa mtu?" Nawapenda ndugu zangu, na najua waliyasema kwa uchungu. Ila naomba tuelewane. Mume kuwa raia kunakupa haki ya kuomba, hakukupi haki ya kuingia. Na ubalozini hakuna mjomba wa kukusogezea faili. Maombi yanatumwa kwa mtandao na anayeyaamua humjui, naye hakujui. Ninyi mlio nyumbani, mtu akiwaambia "lazima nirudi tarehe fulani," msimpigie hesabu ya harusi. Hakatai undugu. Ana karatasi nyuma yake ambayo hamuioni.

Sasa gharama, maana wengi huamka wakisikia fedha. Ada ya maombi niliyotuma Julai ilikuwa pauni 1,321, na haikurudi kwa kuwa nilikuwa nimeshatoa alama za vidole. Ada ya afya, ile unayolipa pamoja na maombi ili utibiwe kwenye huduma ya afya ya serikali, ilikuwa pauni 2,587.50, nayo ilirudishwa kwenye kadi. Kuomba upya nikiwa Tanzania: pauni 1,938 za maombi na 3,105 za ada ya afya, jumla pauni 5,043, na zilitakiwa kabla ile ya afya ya kwanza haijarudi. Tulikopa. Viza ilitoka tarehe 20 Novemba. Kazini kwangu, nyumba ya kulea wazee, walinishikia nafasi hadi mwisho wa Septemba, kisha wakaajiri mwingine. Siwalaumu. Na hesabu ya miaka mitano ya kuelekea makazi ya kudumu, wakili alinieleza nijiandae kuianza upya.

Ungefanyaje, basi? Kwanza angalia tarehe ya viza kabla ya kuangalia bei ya tiketi. Viza ya kwanza ya mwenza aliyeomba akiwa nje ni miezi 33, nyongeza ni miezi 30, jumla 63. Makazi ya kudumu yanadai miezi 60. Maana yake una miezi mitatu ya kupumulia, na huna haja ya kungoja wiki za mwisho ndipo utume maombi. Mimi viza yangu ikiisha Agosti, ningetuma Mei. Muda wa kawaida wa kujibiwa kwa wanaotimiza masharti ni wiki nane. Ningesafiri Julai nikiwa na jibu. Ukichelewa, kuna huduma ya haraka kwa pauni 1,000 za ziada, ambayo jibu hutoka kwa kawaida siku ya kazi inayofuata baada ya kutoa vidole. Najua ni fedha nyingi. Mimi nimelipa zaidi ya hizo.

Kama tiketi imeshakatwa na maombi hujatuma, usiyatume. Safiri na viza uliyonayo, rudi kabla haijaisha, tuma ukiwa umesharudi na viza bado iko hai. Weka angalau siku kumi za akiba, kwa sababu ndege hufutwa na watu huugua malaria. Kama maombi yameshatumwa na tiketi iko mkononi, poteza tiketi. Nasema tena, poteza tiketi.

Msiba ni jambo lingine na sitamfokea mtu aliyefiwa na mzazi. Ukilazimika kwenda, nenda ukijua kwamba maombi yamekufa, na kwamba tarehe iliyobaki kwenye viza ya awali ndiyo maisha yako. Rudi kabla yake utume upya. Kama tarehe hiyo ilishapita ukiwa Uingereza, ukitoka hurudi mpaka uombe viza kutoka nje. Ongea na wakili wa uhamiaji hata kwa nusu saa kabla hujaenda uwanjani, si rafiki, si kundi la WhatsApp. Kwenye kundi letu yupo aliyeandika kwamba yeye alisafiri na risiti na hakuna kilichotokea. Baadaye ikajulikana alikuwa ameshajibiwa, ila barua pepe hakuwa ameifungua.

Mtego mdogo, jirani wa huu: siku hizi kadi za ukaazi hazipo tena, viza ni ya kidijitali na imefungwa kwenye namba ya pasi. Ukibadilisha pasi, ingia kwenye akaunti yako ya uhamiaji uongeze pasi mpya kabla ya kusafiri, usije ukasimama kaunta Dar au Nairobi mfumo usikutambue.

Mengine mnayajua. Mume wangu ana uraia wa nchi mbili, Kenya iliruhusu kwa katiba ya 2010, hivyo Tanzania huingia kwa pasi ya Kenya bila kulipia viza, na kurudi Uingereza hutoa ya Uingereza; abebe zote mbili. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe kwenye begi la mkononi, Horohoro wanaiuliza. Zawadi zisizidi kilo mnazoruhusiwa kwenye ndege.

Nimekaa sana nikifikiri kwa nini nchi yenye watu wapole kiasi hiki inaweza kukuacha utumbukie. Nadhani hapa mtu mzima huhesabiwa kuwa amesoma. Wamekuandikia, wameweka kwenye tovuti, basi wajibu wao umekwisha. Kukukumbusha kwa mdomo ni kama kukudharau. Kwetu karani atakuchosha, atakurudisha kesho, lakini mara nyingi atakwambia, "Mama, ukienda hivi utakwama." Zamani neno hilo lilinikera. Sasa nalikosa. Na sipendi namna ndoa huku inavyohesabiwa kwa pauni: kipato cha chini kinachodaiwa kilikuwa 18,600 kwa mwaka tulipoomba mara ya kwanza, na kwa wanaoanza kuanzia Aprili 2024 ni 29,000. Nimefanya kazi na Waingereza wanaolipwa chini ya hapo, wamelea watoto, na hakuna aliyewahi kuwauliza kama mapenzi yao yana fedha ya kutosha.

Viza yangu ya sasa inaisha Agosti 2028. Nimeshampigia mama nikamwambia mwaka huo asitungoje Julai. Tutakuja Desemba ya mwaka unaotangulia, shule zikifungwa kwa Krismasi, siku kumi tu. Akaniuliza kama siku kumi zitatosha kufika na Likoni. Nikamwambia safari hii Likoni ndio watakaokuja Tanga.