Kabla hujasema "Mungu ameniita"

Nilipotaka kuacha cherehani niende chuo cha Biblia, uhakika wangu ulidumu siku 3. Siku ya 4 nikagundua nilikuwa nimechoshwa tu na wateja wa sare za shule.

Kwa hiyo anzia hapo. Chukua daftari, ukurasa mmoja andika unachokikimbia, wa pili unachokiendea. Wa kwanza ukijaa kuliko wa pili, subiri.

Kisha omba bila haraka. Nehemia wa kwenye Biblia, mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi, aliomba tangu mwezi wa Kisleu hadi Nisani (miezi ya Kiyahudi), kama miezi 4, ndipo akamweleza mfalme kwamba anataka kwenda kuujenga upya Yerusalemu. Mimi nilifunga Ijumaa 6. Mambo ya kutandaza ngozi ya kondoo kumwomba Mungu ishara, kama Gideoni wa kitabu cha Waamuzi, sikuyagusa. Mwenye hamu ya ishara ataiona hata kwenye daladala.

Tafuta mtu asiyekuogopa. Mama mkwe aliniuliza, "Mwanangu, ada ya watoto atalipa nani?" Swali hilo lilinifaa kuliko unabii wote niliopewa kwenye mkesha.

Halafu jaribu kidogo. Mtume Paulo alizuiwa na Roho kwenda Bithinia, eneo la Uturuki ya leo, akiwa tayari njiani (Matendo 16). Nilianza na shule ya Jumapili, watoto 14, chumba cha nyuma ya kanisa. Cherehani bado ninayo.