Kudhibiti Wadudu wa Sukuma Wiki kwa Mwarobaini

Mwenye bustani ya sukuma wiki na azoee kugeuza majani angalau mara mbili kwa wiki, kwa kuwa vidukari, ambao wakulima wengi huwaita wadudu mafuta, hujificha upande wa chini wa jani na katika majani machanga ya kileleni. Majike yao huzaa bila kuhitaji dume, ndiyo maana kundi dogo huenea upesi. Wakiwa wachache, waponde kwa vidole au waoshe kwa maji. Hapo dawa haihitajiki.

Wakizidi, tumia mbegu za mwarobaini. Majani nayo hufaa, lakini mbegu ndizo zenye azadiraktini nyingi, kemikali inayomfanya mdudu aache kula na ashindwe kujivua gamba ili akue. Okota matunda yaliyoiva yakawa ya njano, ondoa nyama yake, kisha anika mbegu kivulini hadi zikauke kabisa, kwani zilizoota ukungu hazifai. Twanga gramu 50 za mbegu kavu kwa kila lita ya maji, loweka usiku kucha, halafu chuja kwa kitambaa safi ili bomba lisizibe. Ongeza kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa kila lita, la sivyo dawa itateleza, maana majani ya sukuma wiki yana nta.

Nyunyiza jioni. Nalisisitiza hili kwa sababu wengi huulaumu mwarobaini ilhali waliunyunyiza saa sita mchana, na jua kali huidhoofisha dawa hii haraka. Lenga chini ya majani, na urudie baada ya siku 5 hadi 7, au mapema zaidi mvua ikinyesha. Wadudu hawatakufa papo hapo. Dalili njema ni kuona majani mapya yakichipua bila kujikunja.

Sisimizi wanaopanda shina wasipuuzwe, kwani huwalinda vidukari ili wapate utomvu mtamu wanaoutoa. Mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi, kinyume chake, hula vidukari, na mabuu wa mbawakawa hao huwala pia; penye wengi wao, ahirisha kunyunyiza, kwa sababu sabuni huwadhuru mabuu hao.

Sota, yaani viwavi wanaokata miche usiku, wafukuliwe asubuhi kwa mkono, karibu na mche ulioanguka.

Mboga zilizonyunyiziwa zioshwe kwa maji mengi kabla ya kupikwa, kwani uchungu wa mwarobaini hubaki kwenye majani.