Jinsi ya kufuatilia msimu wa timu ndogo ya chuo cha Marekani ukiwa Nairobi

Ukiwa na kijana anayecheza futiboli ya Marekani katika chuo kidogo cha huko, pakua ratiba kwenye tovuti ya chuo mapema mwezi Agosti. Vyuo vingi vya namna hiyo vimo katika Daraja la 3 la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, na daraja hilo haliruhusu mchezaji kulipiwa karo kwa sababu ya kipaji chake cha michezo, na msimu wa kawaida ni mechi 10 tu, kuanzia Septemba hadi katikati ya Novemba.

Linalowaponza wengi ni saa. Mechi ya Jumamosi inayoanza saa 7:00 mchana katika jimbo la Ohio huwa ni saa 2:00 usiku kwetu. Lakini Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani hurudisha saa zao nyuma, nasi hatubadilishi zetu, kwa hiyo kuanzia hapo mechi ni saa 3:00 usiku. Mwaka wa kwanza wa mpwa wangu sikulijua hilo, nikakaa saa nzima mbele ya skrini tupu nikidhani mechi imeahirishwa. Siku hizi naandika saa za Nairobi kwa kalamu nyekundu kwenye ratiba niliyoibandika kwenye friji. Nunua data ya kutosha pia, kwani dakika 60 za mchezo huchukua takriban saa tatu.

Aliyezoea kutazama raga uwanjani RFUEA, Barabara ya Ngong, hataanza sifuri. Mkenya Daniel Adongo mwenyewe alitoka kwenye raga akajiunga na Indianapolis Colts, timu ya ligi ya kulipwa ya futiboli ya Marekani, mwaka 2013. Tofauti kubwa ni kwamba timu yenye mpira hupewa majaribio 4 ya kusogea yadi 10, na katika kila jaribio inaweza kuurusha mpira mbele mara moja. Ikifikisha yadi hizo hupewa majaribio mengine. Isipofikisha, mpira ni wa wapinzani. Ukiona tarakimu 3 na 7 kwenye skrini, ujue ni jaribio la tatu na zimebaki yadi 7: hapo acha chai ipoe, kwa sababu mpira huenda ukarushwa, na walinzi watamvamia mrushaji kabla hajapata wa kumpa. Tachidauni, yaani kuufikisha mpira ndani ya eneo la mwisho la wapinzani, ni pointi 6, na mkwaju unaopita kati ya milingoti ni 3.

Mpwa wangu hucheza mstari wa mbele, na anaweza kumaliza msimu bila kuugusa mpira. Kama wako yuko hapo, mtazame yeye, usiufuate mpira. Katika raga, kumzuia mtu asiye na mpira ni kosa. Huku ndiyo kazi yake, na kila sekunde anayomzuia mpinzani ndiyo inayompa mrushaji nafasi.

Usimpigie simu usiku uleule. Subiri Jumapili saa 2:00 usiku, wakati kwao ni mchana, umuulize kwanza hali ya magoti na mabega yake, kisha ndipo mzungumzie matokeo.