Daktari akiongeza dawa nyingine ya moyo: kazi yako wewe unayemuuguza

Mgonjwa wako amelazwa, moyo umechoka, miguu imevimba, halali bila kuegemea mito. Anachomwa sindano ya furosemaidi, ile wengi mnaiita Lasix, akojoe maji yaliyojaa mwilini. Kisha daktari anapita asubuhi na kuongeza spironolaktoni. Hapa Tororo, Uganda, ninapofanya kazi wodini, ndugu huniuliza: "Sista, kwani ya kwanza imeshindwa?" Haijashindwa. Lasix inatoa maji. Spironolaktoni inazuia aldosteroni, homoni inayozifanya figo zibakize chumvi na inayozidi kuuharibu moyo uliokwisha dhoofika. Utafiti uliotoka mwaka 1999 ulifuatilia wagonjwa 1,663 wa moyo dhaifu sana; walioongezewa spironolaktoni juu ya dawa zao walipunguziwa hatari ya kufa kwa asilimia 30. Kwa hiyo usiikatae.

Ila kabla hajameza kidonge cha kwanza, uliza: damu imepimwa potasiamu (madini yaliyomo kwenye damu) na kreatinini (inayoonyesha figo zinavyofanya kazi)? Dawa hii hubakiza potasiamu mwilini, na ikipanda mno moyo unaweza kusimama ghafla. Kipimo kirudiwe baada ya siku chache, hasa kama anameza pia enalaprili, dawa ya presha na moyo, au figo zake zina shida. Mtajie daktari kila kitu anachotumia, mitishamba nayo. Dawa za maumivu za dukani, diklofenaki na ibuprofeni, asiziguse kabisa. Zinaumiza figo na kurudisha maji.

Na matoke, zile ndizi za kupika, je? Siwezi kumwambia mtu wa hapa aache matoke, lakini yana potasiamu nyingi. Majibu ya damu yakionyesha imepanda, usiyapike kwa mvuke ndani ya majani. Menya, katakata vipande vidogo, chemsha kwa maji mengi, mwaga maji yale. Chumvi ipungue kwenye kila chungu, na ile "chumvi ya wagonjwa" ya madukani usinunue kabla ya kuuliza, kwa sababu nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu.

Nunua daftari. Mpime uzito kila asubuhi akishakojoa, kabla ya chai, mzani uleule, nguo zilezile. Mkojo wote uingie kwenye jagi lenye alama. Mstari mmoja unatosha: "Jumanne, kilo 71.5, mkojo lita 2.1, amelala kwa mto mmoja." Kisha bonyeza kwa kidole mfupa wa mbele wa mguu, uhesabu hadi tano, uachie, shimo likibaki, andika limefika wapi, kifundoni au gotini. Daktari akifika, mpe daftari mkononi. Hapo ndipo anapoona kama dawa ya nyongeza inafanya kazi.

Wengine huongezewa dapagliflozini, dawa ya kisukari inayousaidia pia moyo. Mkojo utaonyesha sukari. Ndivyo dawa inavyofanya, hajapata kisukari. Aoshe sehemu za siri kila siku na kujikausha vizuri, maana fangasi hupenda hapo.

Mkiruhusiwa, endeleeni kupima nyumbani. Akiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, rudini hata kama anasema yuko sawa. Akiharisha au kutapika sana, au akizimia, usimpe kidonge kinachofuata cha spironolaktoni kabla hujazungumza na wodi.