Somo: Silaha mpya hujaribiwaje kabla ya kwenda kwa askari

Kuna majaribio ya namna mbili, na watu huyachanganya. La mafundi huuliza kama mtambo umefikia vipimo vya kwenye mkataba. La matumizi huuliza kama askari wa kawaida, aliyechoka na kulowa, ataweza kupigana nao. Leo tunashika hilo la pili. Mfano wangu ni Mark 14, torpido (kombora linalokwenda chini ya maji) ya nyambizi za Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia, maana karibu kila hatua ilirukwa.

Hatua ya 1: Mjaribu asiwe mtengenezaji.
Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Torpido hii ilibuniwa katika kituo cha jeshi la majini cha Newport, Rhode Island, na kituo hichohicho ndicho kilichoipima na kuipitisha. Makamanda wa nyambizi walipolalamika kwamba zinapita chini ya meli bila kulipuka, waliambiwa hawajui kulenga.

Hatua ya 2: Jaribu kitu chenyewe, si ndugu yake.
Torpido moja iligharimu kama dola 10,000, kwa hiyo Newport walibana matumizi. Walifunga kichwa cha mazoezi kilichojazwa maji, chepesi kuliko kichwa cha baruti. Ya mazoezi ilikwenda kwenye kina kilichopangwa; ya vita ikazama zaidi. Kibaya zaidi, kifaa cha kurekodi kina kilikuwa na kosa lilelile la kifaa cha kuongoza kina, basi vyote viwili vikashuhudiana uongo. Ni sawa na muuza duka kukagua mizani yake kwa mawe yake mwenyewe.

Hatua ya 3: Mpe mtumiaji, baharini kwake.
Hapa nawaomba mtulie kidogo. Juni 1942, Lockwood, mkuu wa nyambizi zilizokuwa Fremantle, Australia, alichoshwa na barua za ubishi huu. Watu wake wakatega wavu wa kuvulia samaki katika Frenchman Bay, karibu na Albany. Kichwa cha mazoezi wakakijaza maji yenye kemikali mpaka uzito ukalingana na wa baruti. Nyambizi Skipjack ikafyatua torpido iliyopangiwa futi 10. Wavu ulipokaguliwa, tundu lilikuwa futi 25 chini. Wavu wa mvuvi ulimaliza ubishi. Agosti, wakubwa wa jeshi la majini huko Washington walikubali kwamba torpido zinakwenda kama futi 10 chini zaidi ya zinavyopangiwa.

Hatua ya 4: Ukirekebisha, anza upya.
Kosa moja huficha jingine. Kina kiliporekebishwa, ikaonekana mtambo wa sumaku, wa kulipua torpido inapopita chini ya chuma cha meli, nao haufai: nyingine zililipuka kabla ya kufika. Mwaka 1943 sumaku ikazimwa, na hapo ndipo pini ya kufyatulia, ile inayowasha baruti torpido inapogonga, ikaumbuka. Julai 24, 1943, nyambizi Tinosa iliisimamisha meli Tonan Maru No. 3, kisha ikaipiga ubavuni torpido moja baada ya nyingine. Zinagonga, hazilipuki. Kamanda alibakiza moja airudishe ikachunguzwe. Huko Hawaii wakaangusha vichwa vya torpido kwa winchi kutoka futi 90 juu ya bamba la chuma: vilivyogonga sawasawa, 7 kati ya 10 havikufyatuka. Vilivyogonga kwa upande vilifanya vizuri zaidi. Yaani aliyelenga vizuri ndiye aliyeadhibiwa! Pini nyepesi zaidi zikamaliza tatizo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, si hasara kulipua silaha ghali kwa majaribio tu?
Piga hesabu. Tinosa pekee ilifyatua torpido 15 kwa meli ile moja: dola 150,000, na meli haikuzama. Torpido kumi zingetosha kuionyesha pini mapema.

Siku hizi Marekani nani anasimamia?
Mwaka 1983 Bunge lao liliunda ofisi ya majaribio ya matumizi ndani ya Pentagon, makao makuu ya wizara ya ulinzi, na mkuu wake hupeleka ripoti kwa waziri wa ulinzi na kwa Bunge pia. Miaka miwili baadaye Waziri Weinberger aliufuta mzinga wa kutungulia ndege wa Sergeant York baada ya majaribio mabaya, ingawa karibu dola bilioni 1.8 zilikuwa zimekwenda.

Nchi inayonunua silaha iliyokwisha kupigana kwingine nayo ijaribu?
Ndiyo, na ijaribu na risasi zilezile itakazozitumia. Bunduki ya M16 ilisifiwa sana awali. Kisha aina ya baruti ikabadilishwa, na wengi Vietnam wakaipokea bila vifaa vya kusafishia, wakiaminishwa kwamba haihitaji sana kusafishwa. Ikawa inakwama katikati ya mapigano, hadi kamati ya Bunge ikachunguza mwaka 1967. Dawa ilikuwa ndogo: chemba, yaani pale risasi inapokaa, ikapakwa kromu, chuma kisichoshika kutu, askari wakapewa brashi.