Kuchora kauri za buluu za Kichina: anza na maji, ua litakuja baadaye

Anayetaka kujifunza kuchora kauri za buluu na nyeupe kwa kawaida hukimbilia ua. Hapo ndipo anapojichosha bure. Ua utalipata hata kwa kunakili. Kinachowashinda wengi ni maji. Rangi ya vyombo vya Jingdezhen, mji wa jimbo la Jiangxi uliopata jina kwa kazi hii tangu enzi ya Yuan, karne ya 14, inatokana na unga wa kobalti, aina ya madini, peke yake. Buluu nzito ya usiku na buluu nyepesi ya moshi wa kuni zinatoka kwenye bakuli moja. Kilichozitenganisha ni kiasi cha maji kwenye burashi na jinsi mkono ulivyoyaongoza.

Kule mchoraji hupaka rangi juu ya udongo uliokauka, ambao haujaona moto hata mara moja. Udongo huo una kiu kali. Tone likiugusa, maji yanafyonzwa papo hapo na unga unabaki palepale ulipotua. Chombo kikishachorwa hupuliziwa glezi, yaani uji wa mawe yaliyosagwa ambao tanuruni huyeyuka na kuwa kioo, kisha huchomwa mara moja kwenye nyuzi takriban 1,300 za Selsiasi. Kobalti inabaki chini ya kioo, ndiyo maana haitoki kwa kuosha. Wakati wa kuchora rangi ni nyeusi-kijivu. Buluu huioni mpaka tanuru lifunguliwe.

Udongo wa kauri haupatikani kirahisi Mtwara wala Lindi, lakini kitu chenye kiu ya namna hiyo kipo: jasi, ile poda ambayo mafundi wa dari wanaiita jipsamu. Chukua ya kumwagia urembo wa dari, siyo ya kupigia ukuta. Pima maji lita 1 na poda kilo 1.4. Nyunyiza poda ndani ya maji, usimwage maji juu ya poda, maana itafanya mabonge. Iache dakika 2 inywe, koroga polepole ili usiingize mapovu, kisha mimina juu ya kioo kilichopakwa sabuni, unene wa sentimita 2. Upande uliolala kwenye kioo ndio wa kuchorea. Kibao kiache kivulini penye upepo. Kiangazi siku 4 zinatosha. Kuanzia Desemba hadi Aprili, mvua zikiwa zimeshika, ngoja hata siku 10. Kibao chenye unyevu kinakudanganya: tone linakaa juu linazurura, nawe unadhani mkono wako ndio mbaya.

Kobalti ni ghali na ina sumu, usiipoteze kwenye mazoezi. Nunua oksaidi nyeusi ya kupakia sakafu ya saruji. Unga wake ni mzito, unazama kama kobalti. Changanya na chai ya mkandaa iliyokolea, isiyo na sukari, iliyochujwa kwa kitambaa. Chai siyo mapambo: hata Jingdezhen wachoraji huchanganyia chai, kwa sababu inausaidia unga uelee na ushike udongo. Saga mchanganyiko juu ya kipande cha kioo kwa kitako cha chupa, nusu saa kwa uchache, mpaka usisikie tena mkwaruzo.

Panga vikombe 5 vya kahawa. Cha kwanza kina rangi nzito kama maziwa mazito. Cha pili tia kijiko 1 cha rangi hiyo na vijiko 2 vya maji. Cha tatu kijiko 1 kwa 4. Cha nne 1 kwa 8. Cha tano 1 kwa 16. Wachina nao huhesabu ngazi tano. Koroga kila unapochovya, kila mara, bila kuchoka. Unga unazama ndani ya dakika moja. Asiyekoroga hujikuta na majani mawili ya tawi moja, moja limepauka na lingine jeusi.

Burashi ni mbili. Ya mistari iwe ndogo, namba 0 au 1, yenye ncha inayorudi. Ya maji iwe nene, ya manyoya laini, inayobeba maji mengi na bado ikachongoka. Ukiichovya na kuikung'uta mara moja ikafunguka kama ufagio, irudishe dukani.

Sasa zoezi lenyewe. Chora mstari wa jani, urefu wa kidole, uuache ukauke. Inamisha kibao kidogo kuelekea kwako. Jaza burashi nene kwa kikombe cha tatu, ishike wima, na ushushe tone kubwa kwenye ncha ya juu ya jani. Manyoya yasikisugue kibao. Yaguse tone tu. Tone litatuna, linang'aa. Livute taratibu kuja chini, ukiliongeza maji kabla halijapungua, kama maji ya bahari yanavyoongozwa kuingia kwenye jaruba la chumvi: yanasogea kwa pamoja, na tuta linayazuia pembeni. Tuta lako ni ule mstari. Ukifika kwenye kikonyo, kamua burashi, gusisha ncha yake kwenye maji yaliyobaki, nayo itayanyonya. Jani zima linapaswa kuchukua sekunde 5 hadi 8.

Makosa utayaona hapo hapo. Ukisimama katikati, unabaki ukingo mweusi kama alama ya maji yaliyokauka mezani. Ukirudi kupaka palipokwisha kunywa, rangi inakuwa tabaka mbili na doa halifichiki. Maji yakiwa machache, manyoya yanakwaruza na kuacha michirizi. Yakiwa mengi mno, kibao kinashiba na rangi inavuka tuta. Kibao kikijaa, piga msasa, kikaushe, anza upya. Jani 100 kabla ya ua la kwanza siyo nyingi.

Mbinu hii ya maji ilifikia kilele enzi ya mfalme Kangxi, 1662 hadi 1722, wachoraji walipoweza kushusha mlima mzima kutoka weusi hadi ukungu. Vyombo vya kale zaidi, vya karne ya 14 na mwanzo wa ya 15, vilijazwa kwa mapigo mafupi ya burashi yanayopandana. Kwenye kazi za enzi ya mfalme Xuande, 1426 hadi 1435, utaona madoa meusi pale rangi iliporundikana; kobalti yake ilikuwa na chuma kingi ikachomoza kwenye glezi. Ilikuwa kasoro, ila baadaye wachoraji wa enzi ya Qing, ukoo wa kifalme wa Kangxi, waliiiga makusudi kwa kudonoa vitone. Ukivuka kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani, chunguza vigae vya Kichina, yaani vipande vya vyombo vilivyovunjika, kwa jicho hilo: mapigo au maji? Piga picha tu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda masalia hayo, na kigae kilichoondolewa mahali pake hakimwambii mtafiti chochote.

Wachoraji wa sasa wengi wameacha mstari wa nje na kuchora moja kwa moja kwa burashi iliyojaa, na huko hakuna sababu ya kung'ang'ania joka na yungiyungi. Jaribu tawi la mkorosho. Bibo lijaze kwa kikombe cha tatu. Likikauka, korosho yenyewe ipige kwa kikombe cha kwanza, pigo moja lililopinda. Majani kwa cha pili, kisha kwangua mishipa yake kwa kijiti cha chelewa ili weupe utokee. Acha zaidi ya nusu ya chombo bila kitu. Wanaoanza hujaza kila pembe, matokeo yake huwa kitenge.

Tanuru la nyuzi 1,300 ndilo gumu. Uchomaji wa vyungu kwa kuni na majani nje haufiki huko, na glezi haitayeyuka. Ikibidi upeleke vyombo Dar es Salaam, usisafirishe vibichi, barabara itavivunja. Agiza vilivyochomwa tayari mara ya kwanza kwenye nyuzi 900 hadi 1,000. Futa vumbi kwa sifongo mbichi na usivishike kwa mikono yenye mafuta. Penye mafuta ndipo glezi itakapojikunja na kuacha upara. Udongo mbichi kosa lake hukwanguliwa kwa wembe, ila hapa doa limeingia moja kwa moja.

Mchanganyiko wa rangi halisi wa kuanzia, kwa ujazo: kabonati ya kobalti sehemu 1, unga wa udongo mweupe sehemu 1, unga wa glezi yenyewe sehemu 1, na oksaidi nyekundu ya chuma kiasi cha ncha ya kisu ili kupunguza ukali wa buluu. Vaa barakoa na glavu, usilambe burashi kuichongoa, na vikombe hivyo visirudi jikoni. Rangi ikiwa nene hadi ukiiguza inaachia unga kidoleni, itatoka nyeusi yenye mng'ao wa bati. Mwombe mwenye tanuru apulizie glezi, asichovye, la sivyo mistari itachuruzika.

Kabla ya chombo chochote, peleka kwanza kigae cha majaribio chenye ngazi zote tano za rangi. Nyuma yake andika uwiano na tarehe kwa kobalti yenyewe. Maandishi ya penseli yanaungua.