Mwasmini hauchanui? Ukate

Shoga yangu mmoja wa Kikwajuni ana mwasmini uliopanda ukuta hadi kwenye bati. Majani tele, kijani mwaka mzima, ila maua ya kuhesabu. Kila nikimwambia aukate anashika shavu: "Mti wa marehemu mama nitautiaje mkasi?" Basi namjibu hapa, maana wenye shida yake ni wengi. Asmini hutoka kwenye vichipukizi vipya. Tawi kongwe halikupi kitu ila majani, na ukiliacha litakwenda kuchipua huko juu kabisa, maua wayanuse kunguru.

Mimi hukata mwishoni mwa Februari, kaskazi, yale majira ya joto, ikielekea kwisha, ili masika ya Machi yaukute mti tayari kuchipua. Ukate hasa, hadi usawa wa goti. Ondoa fito kavu na zile zinazosuguana katikati, na kila mkato uwe juu kidogo ya fundo. Mkasi uwe mkali. Kisu butu kinaponda tawi. Utabaki na kichaka cha kutia aibu mbele ya wageni, lakini vumilia. Baada ya hapo, kila mkupuo wa maua ukimalizika, punguza ncha za matawi yaliyochanua. Wakati wa kipupwe usikate sana, mti unakua polepole.

Asiye na mti aombe tawi. Mwasmini ni nadra kuzaa, kwa hiyo mbegu usizitafute. Chukua tawi la mwaka huu ambalo si laini wala halijawa gumu, urefu wa shibiri moja, ulikate chini ya fundo. Acha majani mawili ya juu tu. Lichomeke kwenye kichanga kilicholoweshwa, weka kivulini, na baada ya wiki nne hadi sita livute kidogo: likigoma, limeshika mizizi. Dada yangu aliyeolewa Wete hahangaiki na hayo yote. Analaza tawi refu chini likiwa bado kwenye mama yake, analifukia kidogo kwa udongo, anaweka jiwe juu. Likishaotesha mizizi analitenga. Udongo wa Pemba nao unambeba, tuseme kweli.

Sisi wa Mji Mkongwe taabu yetu ni chokaa. Kuta zinapukutika, kifusi kinachanganyika na udongo wa ua, na mwasmini haupendi. Utaona majani machanga yanageuka manjano huku mishipa yake imebaki kijani. Hapo watu hukimbilia mbolea, wengine humwaga majivu ya jikoni. Majivu yanazidisha yale yale ya chokaa! Mti hauna njaa. Chakula kimo udongoni, chokaa ndiyo inayouzuia kukichukua. Na nyinyi wa maweni, kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe huko mashariki na kusini ya Unguja, mambo yenu ni hayo hayo. Panda kwenye ndoo au kopo kubwa la rangi lililotobolewa chini, ulitenge na ukuta. Mimi huchanganya udongo mwekundu wa shamba, kichanga kisicho cha pwani, na samadi ya ng'ombe iliyooza mpaka haina harufu, kwa kiasi sawa. Chini natandika makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa. Usichukue yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba wa kusokotea kamba, yana chumvi.

Maji ya kisima yenye chumvichumvi nayo yataukausha ncha za majani, basi kinga maji ya mvua kila upatapo. Wakati wa kaskazi kopo linataka maji kila asubuhi. Masika tazama tu matundu yasizibe, mizizi isije ikaoza. Jua liupate nusu ya siku au zaidi. Mwasmini wa kivulini unanenepa majani, basi. Samadi ya kuku mbichi nayo hufanya hivyo hivyo, ikiwa haikuunguza mizizi kwanza.

Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka, geuza majani: kuna vidugamba, vidudu vinavyofyonza mti, na sisimizi wamefuata utamu wavitoao. Kwangua sabuni ya mche kidogo, iyeyushe kwenye maji, nyunyiza jioni chini ya majani, rudia baada ya wiki. Vitumba vyenye tundu vina kiwavi ndani. Hivyo vichume uvichome, usivitupe chini ya mti.

Kuchuma ni baada ya alasiri, kitumba kikiwa kimeshakuwa cheupe na kuvimba lakini hakijafunguka. Cha kijani kiache, hakitafunguka mkononi. Vifunge kwenye jani la mgomba lililoloweshwa, na magharibi ikiingia vitaanza kufunguka vyenyewe. Tunga kabla havijafunguka, sindano ipite kwenye kikonyo, kwa sababu ua lililokwisha kuchanua linapukutika ukiligusa. Lina usiku wake mmoja tu, asubuhi limeshanyauka. Kwa hiyo wa harusi wachume siku ile ile, wasichume jana. Mambo ya kikuba, kile kishada cha maua na majani ya kunukia, na majani ya rehani kiasi gani na mkadi uende wapi, hayo kamuulize somo wako, yule mama aliyekufunda.